Banda la Vichwa vya Treni: Somo kutoka Erstfeld, Uswisi

Ukimwuliza mwanachuo yeyote treni inalala wapi usiku, atakujibu haraka: stesheni. Jibu hilo ni kama kusema daladala inalala kituoni. Kituoni abiria wanapanda na kushuka tu. Gari lenyewe lina kwake, mahali linapooshwa, linapojazwa mafuta na linapochunguliwa uvunguni na fundi mwenye tochi. Treni nazo ni hivyohivyo. Nyuma ya kila reli inayosifiwa kwa kufika kwa wakati kuna mabanda ambayo abiria hawayaoni, na humo ndimo sehemu kubwa ya kazi inamofanyika.

Katika makala haya tutayasoma mabanda hayo kupitia nchi moja ya milima, Uswisi, na hasa kijiji kimoja kinachoitwa Erstfeld. Nimeichagua nchi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, imekaa kwenye Milima ya Alpi, na mlima hauna siri: unakuonyesha waziwazi kwa nini depo iko hapa na si pale. Pili, kati ya mwaka 1882 na 2016 kijiji hicho kimoja kimepitia enzi ya mvuke, enzi ya umeme, na enzi ya handaki refu kuliko yote ya reli duniani. Kila mara mabadiliko yalipokuja, swali lilikuwa lilelile: mashine ikiboreshwa, kazi ya watu wa bandani inakwisha, au inahama tu? Hilo ndilo swali letu leo. Wanaosoma uhandisi, jiografia, historia au masuala ya ajira, kila mmoja ana sehemu yake humu.

Kwanza tuelewane maneno

Tuna mazoea ya kuita kila kitu cha reli chenye mafundi "karakana". Kwa somo hili tutenganishe vitu vitatu.

Depo ni makao. Vichwa vya treni vimesajiliwa hapo, madereva wanaripoti kazini hapo, na ratiba ya nani anaendesha nini inapangwa hapo. Banda ni jengo lenyewe ambamo vichwa vinaingia kupumzika na kufanyiwa ukaguzi na matengenezo madogo. Karakana kuu ni hospitali ya rufaa: kichwa kinafunguliwa chote, magurudumu yanatolewa, mota zinashushwa, na kinaweza kukaa huko kwa majuma kadhaa. Kwa Uswisi, Olten ilipata karakana kuu ya reli tangu miaka ya 1850, chini ya fundi Niklaus Riggenbach, yuleyule aliyekuja kujenga reli ya meno ya kupanda mlima Rigi mwaka 1871. Kwenye njia ya Gotthard, ambayo ndiyo tunayoisoma, karakana kuu iko Bellinzona, upande wa kusini wa milima. Erstfeld, upande wa kaskazini, ni depo yenye banda.

Shika tofauti hiyo. Mbele tutaona kwamba hospitali ya rufaa na zahanati hazikupata majaaliwa sawa.

Kazi za banda enzi za mvuke

Kichwa cha mvuke ni jiko la mkaa lenye magurudumu. Huwezi kuwasha jiko la mkaa ukataka chai ichemke dakika hiyohiyo. Boila ikiwa imepoa kabisa, inahitaji saa kadhaa tangu moto uwashwe hadi mvuke upate nguvu ya kusukuma bastola. Kwa hiyo kama treni inaondoka alfajiri, kuna mtu aliyeanza kazi usiku wa manane. Huyo hayumo kwenye ratiba inayobandikwa stesheni, lakini bila yeye ratiba hiyo ni karatasi tu.

Tufuate kichwa kimoja kinaporudi kutoka safari. Kwanza kinasimama juu ya shimo la majivu, ambapo wafanyakazi wanakwangua mabaki ya moto kutoka tumboni mwake, kazi ya joto, vumbi na moshi. Kisha kinakwenda kwenye jukwaa la makaa ya mawe kujazwa, halafu kwenye bomba kubwa la maji. Kinajazwa pia mchanga mkavu. Mchanga huo unamwagwa mbele ya magurudumu reli zinapokuwa na unyevu, ili chuma kisiteleze juu ya chuma. Ndiyo maana depo za zamani zilikuwa na tanuri la kukaushia mchanga. Mchanga wenye unyevu unaganda kwenye bomba na haushuki.

Baada ya hapo kichwa kinageuzwa. Vichwa vingi vya mvuke vilikuwa na mbele na nyuma, na kukimbia kinyumenyume safari nzima hakukufaa. Kwa hiyo kuna meza ya kugeuzia: daraja fupi la chuma linalozunguka juu ya shimo la duara. Kichwa kinapanda juu yake, kinazungushwa, kinatoka kikitazama kule kinakotakiwa.

Meza hiyo ndiyo iliyozaa umbo la banda la nusu duara. Njia za reli zinatawanyika kutoka kwenye meza kama mbavu za feni, na kila njia inaingia kwenye mlango wake. Faida yake ni kwamba kila kichwa kinatoka bila kusumbua kingine, tofauti na banda la mstatili ambamo kilichotangulia kuingia kinazibwa na kilichofuata. Hasara yake nayo ni kubwa: meza ikiharibika, vichwa vyote vilivyomo ndani vimefungiwa. Tena urefu wa meza unaweka kikomo. Ukinunua kichwa kirefu kuliko meza yako, umenunua tatizo.

Ndani ya banda, juu ya kila njia kuna bomba la kutolea moshi, na chini kuna shimo ambalo fundi anashuka kukagua ekseli, breki na springi. Kazi kubwa zaidi ya mara kwa mara ilikuwa kuosha boila. Maji yakichemka yanaacha ukoko mweupe, kama ule unaouona ndani ya birika la nyumbani. Kwenye boila ukoko huo unazuia joto lisifike kwenye maji, chuma kinapata moto kupita kiasi, na boila inaweza kupasuka. Kwa hiyo kila baada ya muda maalumu kichwa kinapozwa, vizibo vinafunguliwa, na mafundi wanaukwangua ukoko na kuusukuma nje kwa maji.

Hesabu watu hao: wawasha moto, wakwangua majivu, wapakia makaa, waosha boila, wazungusha meza, makarani wa zamu, mafundi, madereva na wachochea moto wao. Wote hao lazima walale mahali karibu na kazi, maana zamu hazifuati jua. Depo haikuwa jengo tu. Ilikuwa inaleta mji.

Hesabu ya Erstfeld

Sasa kwa nini mji huo ukawa Erstfeld? Reli ya Gotthard, iliyounganisha kaskazini na kusini mwa Alpi na kufungua njia ya kwenda Italia, ilianza kazi tarehe 1 Juni 1882. Moyo wake ulikuwa handaki la kilomita 15 kati ya Göschenen na Airolo. Lilichimbwa kwa takriban miaka kumi, na mkandarasi wake Louis Favre alifia ndani ya handaki hilohilo mwaka 1879 kabla ya kuliona limekwisha. Vifo vya wafanyakazi kwa ajali vilikaribia 200.

Lakini kabla treni haijafika mdomoni mwa handaki hilo, ilipaswa kupanda. Erstfeld iko mita 472 juu ya usawa wa bahari, na hadi hapo bonde linakuja karibu tambarare. Göschenen iko mita 1,106. Tofauti ni mita 634, nazo zinapandwa kwa njia ya karibu kilomita 29 tu. Reli inajizungusha ndani ya mlima na kurudi nyuma ili kupata urefu, kiasi kwamba abiria anaona kanisa la kijiji cha Wassen mara tatu, kila mara kutoka kimo tofauti.

Hebu tufanye hesabu kidogo, wala usiogope, ni ya kidato cha nne. Mwinuko mkali wa upande huo ni mita 26 kwa kila mita 1,000. Maana yake kila tani ya treni inavutwa kurudi nyuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 26. Chukua mabehewa ya tani 600 na kichwa cha tani 120. Jumla ni tani 720. Zidisha kwa 26, unapata kilo 18,720. Yaani dereva anapanda mlima kama mtu aliyefungiwa mzigo wa karibu tani 19 mgongoni, unaoning'inia wima. Ukitaka kwenda nao kwa kilomita 75 kwa saa, unahitaji nguvu ya takriban kilowati 3,800 kwa ajili ya mlima peke yake, kabla hujahesabu msuguano, upepo na kona.

Kichwa cha mvuke cha 1882 hakikuikaribia nguvu hiyo. Jawabu lilikuwa msaada. Treni ilifika Erstfeld, ikasimama, ikafungiwa kichwa cha pili mbele au kikasukuma kwa nyuma. Kusukuma kwa nyuma kulikuwa na sababu yake ya kifundi: ndoano zinazounganisha mabehewa zina kikomo, na ukivuta kila kitu kwa mbele zinaweza kukatika. Kichwa cha msaada kilipomaliza kazi juu, kilirudi chini kungoja treni nyingine.

Basi hapo ndipo depo ilipozaliwa. Haikuwekwa penye watu wengi wala penye biashara. Iliwekwa pale ambapo tambarare inakwisha na mlima unaanza. Erstfeld, kijiji cha wakulima katika jimbo la Uri, kikajaa madereva, wachochea moto na mafundi kutoka sehemu nyingine za nchi. Wakaja na chama chao cha wafanyakazi, na katika jimbo la Kikatoliki wakaja pia na madhehebu yao ya Kiprotestanti. Mwinuko wa mita 26 kwa elfu ukabadilisha hata siasa na sala za kijiji.

Makaa yalipokata

Uswisi haina makaa ya mawe ya kutosha kuendesha reli. Ilikuwa ikiyanunua nje, zaidi Ujerumani. Shirika la reli la taifa, SBB, lilianza kazi mwaka 1902, nayo njia ya Gotthard ilichukuliwa na serikali mwaka 1909. Mpango wa kuiwekea umeme ulikuwepo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini vita ndivyo vilivyomaliza ubishi. Makaa yakawa adimu, bei ikapaa, safari zikapunguzwa vibaya. Nchi ikatazama maporomoko yake ya maji na kuona kwamba nishati ilikuwa ikimwagika bure milimani.

Vituo vya umeme wa maji vikajengwa Ritom, upande wa kusini, na Amsteg, jirani kabisa na Erstfeld. Kufikia Desemba 1920 treni za umeme zilikuwa zikitoka Erstfeld hadi Biasca, upande wa pili wa milima. Vichwa vya mizigo vilivyoletwa wakati huo vilikuwa na pua ndefu mbili, moja kila upande, na mwili uliojikunja kwenye kona. Watu wakaviita "Krokodili", na kimoja kinasimama mpaka leo Erstfeld kama kumbukumbu.

Sasa rudi kwenye orodha yetu ya kazi za banda uone kilichotokea. Kichwa cha umeme hakina majivu, hivyo hakuna wa kuyakwangua. Hakina makaa wala boila. Kina chumba cha dereva kila upande, hivyo meza ya kugeuzia haina tena kazi ya kugeuza, imebaki njia ya kuingilia bandani tu. Hakihitaji saa kadhaa za kuamka. Unainua mkono wa juu ugusane na waya, unaondoka. Mchochea moto hana tena cha kuchochea. Kwa upande wa afya hiyo ilikuwa neema tupu: fikiria moshi wa makaa ndani ya handaki la kilomita 15.

Hata hivyo depo ya Erstfeld haikufungwa, na sababu ni rahisi: mlima ulikuwa bado pale. Treni nzito ziliendelea kuhitaji kichwa cha msaada, madereva waliendelea kubadilishana zamu hapo. Kazi ziliondoka kwenye moto na maji zikahamia kwenye mota, transfoma na waya. Mwaka 1952 kilianza kuonekana kichwa kinachoitwa Ae 6/6, chenye nguvu ya kilowati 4,300 hivi, kilichobuniwa kuvuta tani 600 kwenye mwinuko huo kwa kilomita 75 kwa saa. Ni hesabu ileile tuliyofanya hapo juu. Miaka ya 1970 kikafuata Re 6/6, chenye uzito uleule wa tani 120 lakini nguvu ya kilowati 7,850, cha kuvuta tani 800. Kila kizazi kilipunguza idadi ya vichwa vinavyohitajika, na hivyo idadi ya watu bandani.

Kuna kioja kimoja cha kuonyesha jinsi makaa yalivyowasumbua Waswisi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vichwa viwili vidogo vya mvuke vya kupanga mabehewa viliwekewa mkono wa kugusa waya wa umeme na vipasha moto ndani ya boila, kama hita ya kuchemshia maji ya kuoga bwenini. Maji yalichemka kwa umeme, kichwa kikatembea kwa mvuke. Kimahesabu ni upotevu mkubwa wa umeme. Ila wakati huna makaa na maporomoko unayo, upotevu huo una maana.

Bellinzona, Machi 2008

Tuvuke milima twende upande wa kusini, kwenye ile hospitali ya rufaa. Karakana kuu ya Bellinzona iko katika jimbo la Ticino, ambako watu wanazungumza Kiitaliano. Tangu karne ya 19 ilikuwa mwajiri mkubwa wa eneo hilo. Mapema Machi 2008 tawi la mizigo la SBB lilitangaza mpango wa kuhamisha matengenezo ya vichwa vya treni kutoka Bellinzona na kutafuta wabia binafsi wa kuendesha matengenezo ya mabehewa.

Wafanyakazi, zaidi ya 400, waliweka zana chini na kuikalia karakana. Kwa Uswisi, nchi ambayo migomo ni nadra, hilo lilikuwa jambo kubwa. Maelfu ya wakazi waliingia mitaani kuwaunga mkono. Mgomo ulidumu takriban mwezi mmoja, ukaisha tarehe 9 Aprili, mwajiri alipouondoa mpango na pande zote zikakubali kukaa mezani.

Kwa nini mji mzima utetee banda la mafundi? Kwa sababu walijua hesabu ambayo haimo kwenye vitabu vya kampuni. Fundi wa karakana kuu hujifunza kazi kwa miaka mingi, akimwangalia fundi mwingine. Ukifunga karakana leo huwezi kuifungua miaka kumi baadaye kwa tangazo la ajira. Watu wale watakuwa wametawanyika na ujuzi wao umekwenda nao. Upande wa kampuni nao ulikuwa na hoja: matengenezo yaliyotawanyika sehemu nyingi ni ghali, na vichwa vipya vinahitaji fundi mara chache zaidi. Ukisoma kisa hiki darasani usichukue upande haraka. Hoja zote mbili ni za kweli, na ugumu wa jambo uko hapo.

Mlima ulipoondolewa

Tarehe 1 Juni 2016, siku na mwezi uleule wa 1882, lilizinduliwa handaki jipya la chini la Gotthard, na Desemba mwaka huo treni za ratiba zikaanza kupita. Urefu wake ni kilomita 57. Mdomo wa kaskazini uko Erstfeld, wa kusini Bodio. Sehemu yake ya juu kabisa ni kama mita 550 tu juu ya usawa wa bahari, yaani chini ya nusu ya kimo cha handaki la zamani. Wafanyakazi 9 walipoteza maisha katika ujenzi.

Tazama maana yake kwa kijiji chetu. Depo iliwekwa Erstfeld kwa sababu mlima ulianzia Erstfeld. Sasa treni ya mizigo inaingia mlimani hapohapo bila kupanda kitu cha maana, na sababu kubwa ya kusimama kufungiwa kichwa cha pili imeondoka. Kwa mantiki ya 1882, depo imekwisha kazi.

Lakini handaki la kilomita 57 nalo lina mahitaji yake. SBB ilijenga Erstfeld kituo cha matengenezo na uokoaji cha handaki hilo. Treni za kazi zinatoka hapo kwenda kukagua reli, nyaya, milango na mifumo ya hewa, na hapohapo kuna treni maalumu ya kuzima moto na kuokoa watu, ambayo watu wake wako zamu muda wote. Banda la zamani nalo linatunza vichwa vya kihistoria vya taasisi ya urithi ya SBB, vingine bado vinatembea. Kazi ya kusukuma imekwisha, kazi ya kulinda imekuja. Haikuja kwa watu walewale wala kwa ujuzi uleule, na hilo ni lazima lisemwe. Dereva wa kichwa cha msaada hageuki kuwa fundi wa mifumo ya hewa kwa semina ya siku mbili.

Si kila banda lilipata kazi ya aina hiyo. St. Gallen, mashariki mwa nchi, kuna banda la duara lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, kubwa kuliko yote ya aina yake yaliyobaki Uswisi, na kando yake mnara wa maji wa zege uliobuniwa na Robert Maillart, mhandisi aliyekuja kusifika kwa madaraja yake. Tangu 2010 ni kituo cha utamaduni: sinema, jukwaa la maigizo, maonyesho ya sanaa, mgahawa. Jengo limeokoka, kazi yake haikuokoka. Realp, chini ya mlima Furka, ni kinyume chake. Njia ya juu ya mlima iliachwa mwaka 1982 baada ya handaki la chini kufunguliwa, lakini wapenzi wa reli waliifufua kwa kujitolea, kipande kwa kipande, kati ya 1992 na 2010. Baadhi ya vichwa vyao vya mvuke viliuzwa Vietnam mwaka 1947 na vikarudishwa nyumbani mwaka 1990. Huko bandani bado kuna mtu anayeamka usiku kuwasha moto, tena bila mshahara.

Ufa wa mwaka 2023

Nimeacha kisa kimoja kwa makusudi. Tarehe 10 Agosti 2023 treni ya mizigo ilikuwa ikipita ndani ya handaki jipya ikielekea kaskazini. Gurudumu la behewa moja lilikuwa limevunjika. Behewa liliacha reli na kuburutwa kilomita kadhaa, likiharibu mataruma, hadi kwenye makutano ya njia ndani ya mlima, ambapo mabehewa mengine yalianguka na kubomoa lango kubwa linalotenganisha mirija miwili. Hakuna aliyeumia. Takriban kilomita 7 za njia zilipaswa kujengwa upya, na handaki halikurudi kufanya kazi kikamilifu hadi tarehe 2 Septemba 2024.

Wachunguzi walikuta nyufa za uchovu wa chuma kwenye gurudumu hilo. Chuma huchoka: kikibeba mzigo, kikipata joto la breki, kikapoa, kikabeba tena, ufa mdogo unaanza na kukua polepole. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mara hii haikuwa methali, ilikuwa ripoti.

Na katika mwaka ule wote, treni nyingi za abiria zilipita wapi? Zilirudi kwenye njia ya zamani ya 1882, zikapanda kutoka Erstfeld hadi Göschenen, zikalizunguka kanisa la Wassen, zikachelewa karibu saa moja lakini zikafika. Njia ambayo kwa hesabu ya 2016 ilionekana ya watalii tu ndiyo iliyounganisha tena nchi, kwa sababu kuna watu walioendelea kuitunza.

Tunabaki na nini

Turudi kwenye swali letu. Mashine ikiboreshwa, kazi ya bandani inakwisha au inahama? Kisa cha Erstfeld kinatujibu kwamba kazi za nguvu hukwisha, na zikwishe, kwa maana hakuna aliyeumbwa kuvuta moshi na kukwangua majivu. Kazi ya kukagua haikwishi. Inahama kutoka boila kwenda mota, kutoka mota kwenda handaki, na wakati mwingine inahamia kwenye behewa la mtu mwingine lililotoka nchi nyingine, ambako hakuna mwenye uhakika ni nani aliyelitazama mara ya mwisho. Mashine inapokuwa na nguvu zaidi na kasi zaidi, ufa uleule mdogo unagharimu zaidi.

Kwa hiyo, mwanachuo mwenzangu, utakapokaa siku moja kwenye meza ya kupanga bajeti, ya reli au ya kitu kingine, na mtu akaleta pendekezo la kufunga banda fulani kwa sababu mashine mpya hazilihitaji, usiulize tu banda hilo linagharimu kiasi gani. Mwambie aorodheshe kazi zote zinazofanyika humo, moja moja, na mbele ya kila moja aandike jina la atakayeifanya kesho. Nafasi ikibaki wazi, msifunge.

Maswali ya kujadili kwenye vikundi

1. Rudia hesabu ya mwinuko kwa treni ya tani 800 yenye kichwa cha tani 120, kwa kilomita 80 kwa saa. Linganisha jibu lako na nguvu ya Re 6/6.

2. Depo ya Erstfeld iliwekwa mahali tambarare inapokutana na mlima. Taja mji unaoujua uliozaliwa kwa sababu ya kituo cha usafiri. Sababu ya kukiweka hapo ilikuwa nini, na je, bado ipo?

3. Katika mgomo wa Bellinzona, andika hoja tatu za wafanyakazi na tatu za kampuni. Ni hoja ipi kwa kila upande ambayo upande wa pili usingeweza kuijibu?

4. Kugeuza banda la treni kuwa sinema ni kulihifadhi au ni kulisahau? Tetea jibu lako.